Filamu nne za kesi ya Kapteni Dreyfus: uanze na ipi?

Mtu akikuambia "katazame filamu ya Dreyfus", mwulize ipi. Kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa wa mizinga wa Jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa kwa uhaini ambao hakuufanya, imetengenezewa filamu tangu sinema ikiwa changa. Georges Méliès aliyaigiza matukio yake kwa vipande vifupi mwaka 1899, kesi ya pili ikiwa bado ya moto. Wajerumani walitoa yao 1930, Dreyfus mwenyewe akiwa hai. Leo mtazamaji wa kawaida atachagua kati ya nne: The Life of Emile Zola ya 1937, I Accuse! ya 1958, Prisoner of Honor ya 1991, na J'accuse ya 2019, ambayo kwa Kiingereza huitwa An Officer and a Spy. Mbili kati ya hizo majina yake yanakaribiana mno, kwa hiyo angalia mwaka kabla hujapakua.

Zote nne zinasimulia kesi moja, lakini kila moja ina steringi wake. Ya 1937 inamfuata Émile Zola, mwandishi aliyemtetea Dreyfus. Ya 1958 inamfuata Dreyfus mwenyewe. Ya 1991 na ya 2019 zinamfuata Georges Picquart, ofisa wa ujasusi aliyegundua kwamba jeshi limemfunga mtu asiye na hatia. Uchaguzi huo ndio unaoamua utaona nini na utanyimwa nini, kwa hiyo ndio nitakaoutumia kuzipima, kabla ya kuangalia nani kaigiza vizuri au nguo zipi zimeshonwa vizuri.

Kama una usiku mmoja tu, tazama ya 2019. Kama una usiku wa pili, ongeza ya 1958, hata kama wachambuzi wa wakati wake hawakuipenda.

Kesi yenyewe, kwa asiyeijua

Mwaka 1894 idara ya ujasusi ya Jeshi la Ufaransa, iliyojificha chini ya jina la Idara ya Takwimu, ilikuwa ikimlipa mama mmoja mfanya usafi katika ubalozi wa Ujerumani jijini Paris ili awaletee karatasi zilizotupwa kapuni. Jeshi lilieleza kwamba kwa njia hiyo ndipo ilipopatikana barua isiyo na saini, imechanwachanwa, iliyopelekwa kwa mwambata wa kijeshi wa Ujerumani, Maximilian von Schwartzkoppen. Mwandishi wake alikuwa anaorodhesha siri za kijeshi anazoziuza. Wakuu waliamua kwamba lazima awe ofisa wa mizinga aliyepita Makao Makuu ya Jeshi. Wakapitisha macho kwenye orodha ya majina, wakasimama kwa Dreyfus: Myahudi, mzaliwa wa Mulhouse katika Alsace, eneo lililotwaliwa na Ujerumani mwaka 1871, mwenye mali, asiye na marafiki wengi kazini.

Wataalamu wa mwandiko hawakukubaliana. Alphonse Bertillon, mtaalamu mashuhuri wa polisi wa Paris, akaja na hoja kwamba Dreyfus aliighushi barua kwa kuuiga na kuupotosha mwandiko wake mwenyewe. Fikiria wewe ndiye mshtakiwa: mwandiko ukifanana na wako, ni wewe, usipofanana, ni wewe unayejificha.

Mahakama ya kijeshi ilikaa Desemba 1894, milango ikiwa imefungwa. Meja Hubert Henry wa Idara ya Takwimu alimnyooshea Dreyfus kidole akasema msaliti ndiye huyo. Alipotakiwa amtaje aliyempa habari, akajibu kwamba kichwani mwa ofisa kuna siri ambazo hata kofia yake haipaswi kuzijua. Majaji saba wakapelekewa faili la siri ambalo wakili wa utetezi, Edgar Demange, hakuonyeshwa wala kuambiwa kwamba lipo. Wakamtia hatiani kwa kauli moja. Tarehe 5 Januari 1895, katika uwanja wa École Militaire, alivuliwa vyeo hadharani, vifungo vikang'olewa, upanga ukavunjwa, naye akipaza sauti kwamba anavuliwa vyeo mtu asiye na hatia, idumu Ufaransa, lidumu Jeshi. Kisha akapelekwa Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guiana ya Ufaransa, akakaa huko zaidi ya miaka minne, walinzi wake wakiwa wamekatazwa kusema naye.

Mwaka 1896 Picquart, mkuu mpya wa idara, aligundua kwamba mwandiko wa ile barua ni wa ofisa mwingine, Meja Ferdinand Esterhazy. Wakuu wakampeleka mbali, hadi Tunisia, na Henry akaghushi barua mpya ya kumkandamiza Dreyfus. Esterhazy alipelekwa mahakama ya kijeshi Januari 1898 akaachiwa baada ya majaji kujadiliana kwa dakika chache tu. Siku mbili baadaye, tarehe 13, Zola akachapisha katika gazeti la L'Aurore barua yake ya wazi kwa Rais, yenye kichwa J'accuse, yaani "Nashutumu", kilichozipa majina filamu za 1958 na 2019. Akashtakiwa kwa kashfa, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 3,000, akakimbilia Uingereza. Agosti mwaka huo ofisa aliyekuwa akiipitia barua ya Henry kwa mwanga wa taa aliona kwamba mistari ya karatasi hailingani rangi: vipande vya karatasi mbili tofauti vimegundishwa pamoja. Henry alikamatwa na kesho yake akakutwa amejikata koo kwa wembe. Dreyfus alirudishwa kusikilizwa upya katika mji wa Rennes mwaka 1899, na hapo, baada ya yote hayo, akatiwa hatiani tena kwa kura 5 dhidi ya 2. Rais Émile Loubet akampa msamaha. Hukumu ilikuja kufutwa kabisa tarehe 12 Julai 1906.

Miaka 12 nzima, na filamu ina saa mbili.

Ya 1937: Zola mbele, Dreyfus nyuma

Hii ni ya studio ya Warner Bros., imeongozwa na William Dieterle, Zola akiigizwa na Paul Muni. Ndiyo iliyotuzwa Oscar ya filamu bora ya mwaka wake, na Joseph Schildkraut, aliyemwigiza Dreyfus, akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, inakaribia saa mbili.

Usije na haraka. Sehemu kubwa ya mwanzo ni maisha ya Zola: kijana maskini anayelala kwenye chumba cha juu chenye baridi pamoja na mchoraji Paul Cézanne, kisha mwandishi aliyefanikiwa, tumbo limemtoka, nyumba imejaa vitu. Aliyekuja kutafuta mahakama ataona anacheleweshwa. Mimi naona ucheleweshaji huo una kazi yake, kwa sababu inapofika siku ya Lucie, mke wa Dreyfus, kumwomba Zola msaada, tunajua tayari mtu huyu ana kiasi gani cha kupoteza.

Na kesi ya Zola inapoanza, hakuna kati ya zile nyingine tatu inayoifikia kwa joto. Katika kesi ya kweli, Februari 1898, jaji Delegorgue alikuwa akikata maswali ya mawakili kwa kauli moja aliyoirudia mpaka Paris nzima ikaijua: swali hilo halitaulizwa. Kila Fernand Labori, wakili wa Zola, alipojaribu kuligusa jambo la Dreyfus, alizuiwa, kwa maelezo kwamba hilo lilishahukumiwa. Majenerali wao walikuja na sare zao wakasema walichotaka. Filamu inaielewa vizuri hali hiyo ya mtu kusimama mbele ya mahakama iliyoamua mapema isisikie nini, na inaikusanya hasira ya mtazamaji polepole mpaka Muni anaposimama kuwahutubia wazee wa baraza. Hotuba ni ndefu. Muni anaigiza kwa mtindo wa zamani, mikono na sauti vikifanya kazi kubwa, na kijana aliyezoea uigizaji wa leo anaweza kuona amezidisha. Mpe dakika mbili atamzoea.

Lakini filamu hii ina kasoro ambayo siwezi kuipita. Neno "Myahudi" halitamkwi hata mara moja. Linaonekana tu kwa sekunde chache, limeandikwa kwenye orodha ya maofisa, kidole kikipita juu yake. Hollywood ya miaka ile, Hitler akiwa tayari madarakani, ilikuwa inaogopa kulitaja jambo hilo waziwazi. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji asiyejua historia anatoka akidhani Dreyfus alionewa kwa bahati mbaya, kwamba jina lolote lingeweza kuangukiwa na kidole kile. Mitaani watu walikuwa wanapiga kelele Wayahudi wauawe, magazeti kama La Libre Parole ya Édouard Drumont yaliishi kwa chuki hiyo kila siku, na filamu iliyotuzwa kwa ujasiri imenyamaza. Ukiitazama na watoto wako au wanafunzi wako, waambie kabla haijaanza.

Jambo la pili ni muda. Filamu yenyewe inakiri mwanzoni kwamba imeigeuza historia kwa ajili ya hadithi, na kweli imeigeuza. Kesi ya Rennes imerukwa, na Zola anakufa mkesha wa Dreyfus kurudishiwa heshima yake. Zola halisi alikufa Septemba 1902 kwa moshi wa sumu chumbani kwake. Dreyfus alirudishiwa heshima 1906. Kuiruka Rennes ndiko kunakoniuma zaidi. Ukiiondoa, inaonekana ukweli ukishajulikana basi haki inafuata. Rennes inaonyesha mahakama iliyojua kwamba kuna hati ya kughushi, iliyojua kwamba aliyeghushi amejiua, na bado ikaona bora kumtia hatiani kapteni mmoja kuliko kuwaaibisha majenerali.

Ya 1958: Dreyfus mwenyewe anapewa nafasi

José Ferrer aliongoza I Accuse! na akamwigiza Dreyfus. Ilitolewa na MGM, mswada ukaandikwa na Gore Vidal, nayo pia ni nyeusi na nyeupe, dakika zisizofika 100. Haikufanya vizuri sokoni. Lawama kubwa ilikuwa kwamba Dreyfus wa Ferrer ni mkavu, hana machozi, humwonei huruma.

Nawapinga waliosema hivyo. Dreyfus wa kweli alikuwa hivyohivyo. Walioketi kwenye kesi zake walisimulia sauti isiyopanda wala kushuka na majibu ya kiofisa. Hata watu waliokuwa upande wake walitamani afanye zaidi: alie, akemee, awaguse majaji. Yeye alitaka hati zisomwe. Aliamini kwamba jeshi ni la watu wa akili na kwamba wakipewa ushahidi wataona kosa, na imani hiyo ilimkaa hata baada ya kufungwa pingu kitandani usiku kwenye kisiwa, mwaka 1896, kwa sababu ya uvumi tu kwamba ametoroka. Ferrer ameyaona hayo akayaigiza bila kuyapamba. Mtu asiye na hatia hana wajibu wa kuwa mwigizaji mzuri mahakamani. Filamu nyingi za kesi hutufundisha kinyume chake: kwamba mkweli utamjua kwa uso. Hii haifanyi hivyo, na ndiyo maana naipenda.

Kingine kilicho chake ni Esterhazy wa Anton Walbrook. Hapa tunaoneshwa mapema nani msaliti: mtu wa maneno matamu, madeni hadi shingoni, anayetabasamu huku akiuza. Kwa hiyo usitegemee fumbo la nani kafanya. Kinachokushika ni kuwatazama wanaume wenye akili timamu wakijenga ukuta tofali kwa tofali kumzunguka mtu wasiyempenda. Leo Genn yupo kama Picquart, Emlyn Williams kama Zola, Donald Wolfit kama Jenerali Mercier, aliyekuwa waziri wa vita wakati wa hukumu ya kwanza, na wote wanafanya kazi yao kwa heshima. Viveca Lindfors, kama Lucie, amepewa nafasi ndogo kuliko alivyostahili.

Udhaifu upo. Inakimbia. Matukio ya miezi yanasimuliwa kwa sentensi mbili, na Paris yake ina ubaridi wa jukwaani. Asiyeijua kesi atapotea katikati, akianza kuchanganya majenerali. Ndiyo sababu ninaiweka ya pili: itazame ukiwa tayari unawajua watu wake.

Ya 1991: fupi na yenye sauti kubwa

Prisoner of Honor ni ya televisheni, ilitengenezwa kwa ajili ya HBO na kuongozwa na Ken Russell. Ni chini ya saa moja na nusu. Richard Dreyfuss, ambaye kwa jina ungedhani atakuwa kapteni, yeye ndiye Picquart. Kapteni ni Kenneth Colley. Majenerali ni Oliver Reed na Brian Blessed, watu wenye vifua na sauti za kujaza chumba, na Peter Firth ndiye Henry.

Kwa mtu mwenye muda mchache ni njia nyepesi ya kuijua upande wa Picquart. Ni ya Kiingereza, inakwenda mbio, na migongano ya ofisini inafurahisha kusikiliza. Lakini Russell anapenda kukoleza, na majenerali wake mara nyingi wanakaribia kuwa vibonzo. Jambo la kutisha katika kesi hii ni kwamba watu wale walikuwa wa kawaida, wastaarabu mezani, wenye familia. Ukiwafanya vibonzo unawapunguzia mzigo. Tangu ilipotoka ya 2019, inayopita njia ileile kwa utulivu zaidi, sioni sababu kubwa ya kuanza na hii, ila kwa anayetaka kuzilinganisha, au asiyependa kusoma maandishi chini ya skrini.

Ya 2019: kesi inavyonuka ukiwa ndani ya ofisi

J'accuse ni dakika 132, Kifaransa, Jean Dujardin akiwa Picquart na Louis Garrel akiwa Dreyfus. Imetokana na riwaya ya Robert Harris ya 2013. Ilipata Tuzo Kuu ya Majaji katika tamasha la Venice.

Inaanza uwanjani École Militaire, siku ya kuvuliwa vyeo. Kamera imekaa mbali. Askari wamepangwa safu, uwanja mkubwa, na mtu mmoja mdogo katikati anang'olewa vifungo. Picquart anaangalia kwa darubini, na anapoulizwa na wenzake Dreyfus anaonekanaje, anajibu kwa mzaha wa kuwadharau Wayahudi. Hapo ndipo filamu inapoonyesha ushupavu wake: shujaa wetu anaanza akiwa na chuki ileile ya wenzake. Baadaye tunamwona na Dreyfus zamani, chuoni, Dreyfus akilalamikia alama alizopewa, na Picquart anamwambia wazi kwamba hawapendi Wayahudi ila hatamwonea kwa sababu hiyo. Ya 1937 haikuthubutu hata kulitaja neno. Hii imeiweka chuki kinywani mwa mtu ambaye tutalazimika kumfuata kwa saa mbili. Na Picquart hafiki mahali pa kuwapenda Wayahudi. Anafika mahali pa kukataa kushiriki uongo. Kwangu hilo lina uzito kuliko hadithi ya mtu aliyebadilika moyo ghafla.

Kisha tunaingia Idara ya Takwimu. Jengo limechakaa, kuna giza, dirisha la ofisi ya mkuu limeganda halifunguki. Chini kuna watu wanacheza karata, juu kuna wazee wanaofungua barua za watu kwa mvuke. Vipande vya karatasi kutoka ubalozini vinamwagwa mezani na kuunganishwa kimoja kimoja kwa gundi. Hii ndiyo sehemu niliyoithamini kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha uongo wa serikali unavyotengenezwa kwa mkono: mkasi, gundi, wino, na karani mwaminifu kwa bosi wake. Henry, aliyeigizwa na Grégory Gadebois, hana sura ya mhalifu. Ni askari aliyepanda ngazi kutoka chini, anayeamini kabisa kwamba akiamriwa kuua ataua na kosa litakuwa la aliyeamuru.

Picquart anapopata barua za Esterhazy na kuziweka kando ya ile barua ya ubalozini, hakuna muziki wa kukuambia ushtuke. Anaangalia herufi, nasi tunaangalia. Anampelekea Bertillon (Mathieu Amalric), na Bertillon hatetereki: mwandiko kweli ni uleule, basi Wayahudi wamemfundisha mtu kuandika kama Dreyfus. Mtaalamu aliyekwisha kuweka jina lake kwenye hukumu hana tena pa kurudi. Wakili yeyote aliyewahi kumhoji shahidi mtaalamu aliyekataa kurudi nyuma atamtambua.

Mahakama zenyewe zipo: kesi ya Zola na kesi ya Rennes, pamoja na tukio la Labori kupigwa risasi ya mgongoni njiani kwenda mahakamani mwezi Agosti 1899, akapona. Ila hazina hotuba kama ya Muni. Ukipenda mahakama yenye moto, utaona hii imepoa. Zola hapa ni mtu wa pembeni.

Mwisho wake ni mchungu na ni wa kweli. Mwaka 1906 Picquart ni waziri wa vita. Dreyfus anakuja kumwomba ahesabiwe miaka aliyokuwa kifungoni ili apate cheo ambacho angekuwa amekifikia. Anakataliwa. Katika historia, miaka hiyo haikuhesabiwa, naye akastaafu 1907 akiwa na cheo cha meja, akarudi jeshini kwa hiari kutumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Bunge la Ufaransa lilikuja kupitisha sheria ya kumpandisha kuwa brigedia jenerali mwaka 2025, miaka 90 tangu afariki.

Kuna jambo lazima ulijue kabla ya kuichagua. Mwongozaji ni Roman Polanski, aliyekiri mahakamani Marekani mwaka 1977 kosa la kufanya ngono na msichana wa miaka 13, akakimbia mwaka uliofuata kabla ya kuhukumiwa. Filamu hii ilipopewa tuzo ya César ya mwongozaji bora Februari 2020, mwigizaji Adèle Haenel alinyanyuka akatoka ukumbini. Wapo watakaokataa kuitazama kwa sababu hiyo, na sitawabembeleza. Kwao ya 1958 ndiyo ya kwanza, baada ya kusoma muhtasari wa kesi kama huu ulioko juu.

Waliopotea katika zote nne

Kuna watu ambao hakuna filamu kati ya hizi iliyowatendea haki, nao ni familia. Ukitazama za Picquart utaamini kwamba bila yeye ukweli usingetoka. Picquart alistahili sifa: alifungwa, akafukuzwa jeshini. Lakini Mathieu Dreyfus, kaka yake Alfred, alikuwa akihangaika tangu siku za mwanzo, akizunguka kwa wanasiasa, waandishi na mawakili. Mwandishi Bernard Lazare alichapisha kijitabu cha kwanza cha kumtetea Dreyfus mjini Brussels mwaka 1896, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Zola. Familia ilisambaza nakala za picha ya ile barua, na mwaka 1897 mfanyabiashara mmoja wa fedha aliyewahi kuwa na Esterhazy kama mteja aliuona ule mwandiko akautambua. Mathieu akafikia jina lilelile alilolifikia Picquart, kwa njia yake mwenyewe, bila faili la siri wala mamlaka ya jeshi.

Hebu fikiria filamu ya hilo: kaka anayetembea Paris na picha ya barua mkononi, akisubiri mtu mmoja aijue herufi. Lucie naye, aliyeandika barua kwa mumewe miaka yote ile akijua kila neno litasomwa kwanza na watu wa serikali, amekuwa mke anayelia katika filamu moja baada ya nyingine. Hilo ni pengo, na utalihisi zaidi ukizitazama zote.

Kwa hiyo upange vipi?

Anayetaka kuelewa kesi ilivyopikwa, aanze na ya 2019. Msomaji wa Goma, Lubumbashi au Bujumbura anayesikia Kifaransa atafaidi zaidi, maana majenerali wale wanaficha mengi ndani ya lugha ya heshima, na maandishi ya Kiingereza hayayabebi yote. Ina damu kidogo katika kifo cha Henry na ina uhusiano wa Picquart na mke wa mtu, kwa hiyo si ya watoto wadogo.

Anayetaka kukaa na familia nzima sebuleni achukue ya 1937, kwa sharti lile la kueleza kwanza kwamba Dreyfus alikuwa Myahudi na kwamba hiyo ndiyo sababu. Zote ni za maongezi. Aliyezoea filamu za vibanda umiza, zenye mapigano kila dakika kumi, atapata duwelo moja, yaani pambano la wawili la kutetea heshima, la panga kati ya Picquart na Henry katika ya 2019, na duwelo hilo lilitokea kweli, Machi 1898.

Kwa mwanafunzi wa sheria ningependekeza kitu kingine. Chukua kesi ya Zola peke yake. Itazame katika ya 1937, kisha siku hiyohiyo itazame katika ya 2019, ukiwa na karatasi. Andika kila swali ambalo jaji amelizuia, na sababu aliyoitoa. Halafu nenda kwenye ya 1958 utazame hukumu ya kwanza, ile ya milango iliyofungwa, ujiulize Demange angepinga nini kama angejua kwamba lile faili lipo.